Kitanda Kinarudi Lini

Kumwinua mama yake kutoka sakafuni ilikuwa kazi ya kwanza ya siku, na nzito kuliko zote. Binti alimpitishia mikono makwapani, akamvuta hadi akaegemea ukuta. Maboksi yaliyotandikwa chini ya godoro yalikuwa yameloa tena, maana sakafu ile haikukauka hata kiangazi.

"Kitanda kinarudi lini, mwanangu?"

"Karibu, mama. Nimebakiza kukiwamba kamba."

Kitanda chenyewe kilikuwa kule makumbusho. Watu wa makumbusho walikuja na gari wakati tendegu moja, mguu wa upande wa kichwani, limevunjika, wakakisifu weee mpaka mama akaona haya. Walisema watakitengeneza, watakionyesha kidogo, kisha watakirudisha kikiwa kizima. Nani angekataa? Na kwa kuwa binti mwenyewe alikuwa fundi wa kuwamba vitanda na viti, wakampa kibarua humohumo. Akaona maskini naye leo kaokota.

Alifanya kazi kwa moyo mmoja. Alichonga tendegu jipya, akachokonoa bungua waliokuwa wakitoboa mifumbati, zile mbao za ubavuni, akasugua kwa msasa mpaka zikatokea nakshi ambazo hata yeye, aliyezaliwa juu ya kitanda kile, hakuwahi kuziona. Kamba alizivuta mpaka viganja vikachubuka. Wenzake walimtania kwamba anamtengenezea bibi harusi. Alicheka nao, huku akimfikiria mama yake na ule mgongo wake.

Mkuu wa makumbusho alipokuja kukitazama, alikizunguka, akapapasa nakshi.

"Fundi, hiki hakitoki hapa."

"Lakini mkubwa, tulikubaliana..."

"Tulikubaliana kikiwa kibovu. Ungekiacha vilevile ningekurudishia hata leo. Sasa kitazame. Hii ni mali ya wananchi wote."

"Mama yangu analala chini, mkubwa."

"Pole sana. Basi mlete siku ya ufunguzi. Wageni watapenda kumwona mwenyewe juu ya kitanda chake. Avae vizuri tu."

Binti angegombana naye, halafu kibarua kingine akitafute wapi? Aliokota vifaa vyake akaendelea na kazi.

Siku ya ufunguzi mama alivaa akidhani wanakwenda kuchukua kitanda, na binti alikosa moyo wa kumwambia ukweli. Walimpandisha kitandani mbele ya wageni. Akapapasa mfumbati, akajilaza, picha zikapigwa. Mgeni rasmi alitoa hotuba ndefu kuhusu kuwaenzi wazee wetu, na kabla hajafika katikati mama alikuwa amelala fofofo, mgongo umenyooka, mdomo wazi. Watu wakacheka kwa upole.

Wageni walipokwisha kuondoka, alikuwa bado amelala.

"Mwamshe," mkuu alisema, funguo mkononi. "Tunafunga."

"Kidogo tu, mkubwa. Hajalala hivi tangu kitanda kiondoke."

"Fundi."

Akamwamsha. Mama alifumbua macho, akatazama dari asiyoijua, akauliza kama wamefika nyumbani. Binti alimteremsha taratibu, akamkalisha kwenye benchi la mlinzi.

"Halafu kamba zimebonyea hapo katikati," mkuu alisema akiwa mlangoni. "Zikaze kabla hujaondoka. Kesho tuna wanafunzi."

Binti akapiga magoti, akaanza kukaza safu moja baada ya nyingine, mama yake akimtazama, mpaka pale alipokuwa amelala pakawa tambarare, kama vile hapajapata kulala mtu.