Tumbaku Isiyouzwa

Duka la Akidor pale Lodwar lilikuwa la tatu, na alikuwa ameapa kwamba la nne halitakuwepo. La kwanza lilikuwa la samaki wakavu kutoka Longech, na liliishia midomoni mwa jamaa. Hawakuiba, hata kidogo. Walikuja kusalimia, wakaonja, wakasifu, wakafungiwa kidogo cha kupelekea watoto, na gunia likabaki tupu. La pili, la sukari na majani ya chai, lilikufa kifo hicho hicho, ila hilo lilikufa haraka zaidi kwa sababu kila mtu anapenda chai.

Ndipo akakutana na Nekesa, mwanamke wa Webuye aliyeletwa na shirika moja kufundisha akina mama biashara. Nekesa alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa mzima, na moyo mzuri. Anza na kitu ambacho watu wanakitafuta kila siku, aliwaambia. Fungua saa ile ile, hata siku ambayo mwili hautaki. Usile bidhaa yako. Na jamaa akija dukani ni mteja. Anunue kama wengine, au aje jioni nyumbani ale chakula chako. Akidor alilishika hilo la mwisho kwa mikono miwili. Mwenye kuchomwa mara mbili angefanya nini?

Akaweka sabuni, unga, betri za tochi na, zaidi ya vyote, tumbaku ya kutafuna, ambayo wachungaji huifuata kutoka mbali. Safari hii duka likasimama. Ebenyo, mwanawe, akarudi shule ya bweni. Jamaa walinuna, wakasema mji umemgeuza, kisha wakazoea na kuanza kuja na pesa zao.

Siku Ewoi alipokuja, Nekesa alikuwa amesimama mbele ya duka na wageni wawili wa shirika. Walikuwa wanatafuta mama mmoja wa kwenda Kakuma kuwatia moyo wanawake wanaoanza biashara, na Nekesa alikwisha kumsifu Akidor mpaka uso ukamwaka. Ewoi alikuwa kaka yake wa pekee, mchungaji wa upande wa Kalemng'orok, akiishi na mama yao. Alikuja na vumbi mpaka magotini, akaweka kigoda chake kwenye kivuli cha mabati, akaketi.

“Ejok, Akidor.”

“Ejok, Ewoi.”

“Nipe tumbaku,” akasema kwa lugha yao.

Kwao, mtu mwenye neno zito halitupi mlangoni kama mzigo wa kuni. Anaketi, anasalimiwa, anaomba tumbaku. Ikishaingia mdomoni, ndipo neno linatoka, polepole, na mwenyeji analipokea akiwa ametulia. Asiyepewa anajua hajakaribishwa kusema. Akidor alilijua hilo tangu hajaota meno. Tena alijua kwamba Ewoi anauchukia mji, na hapandi lori kuja Lodwar kwa ajili ya kutembea tu. Yote hayo aliyajua, lakini macho ya Nekesa yalikuwa juu yake, na ya wageni pia, na akakumbuka gunia la samaki.

“Hii ni ya duka,” akamjibu, na akalisema kwa Kiswahili, ili wageni nao wasikie. “Nunua kama watu wengine.”

Ewoi alimtazama. Hakukasirika, alitabasamu kidogo, kama mtu aliyebisha hodi nyumba isiyo yake. Akainuka, akachukua kigoda chake, akaaga vizuri, akaenda. Nekesa akapiga makofi.

“Mmeona? Hapo ndipo wengi huanguka. Mama Ebenyo, wewe ndiye utaenda Kakuma.”

Akidor alichungulia barabarani mara moja. Akajiambia kaka yake atarudi jioni, nyumbani, atampa ugali na maziwa, watazungumza. Akapika kwa ajili ya watu wawili. Ewoi hakuja.

Aliporudi, mwezi ulikuwa umeshapita. Alikuja asubuhi, hakuketi. Akaweka sarafu juu ya meza ya duka.

“Tumbaku,” akasema. “Ya hizo.”

Mkono wa Akidor ulikuwa umeshaanza kupima alipoinua macho akakiona kichwa cha kaka yake. Kilikuwa kimenyolewa, cheupe kwa upara mpya, kama wanavyonyoa kwao mtu akifiwa. Tumbaku ikamwagika.

“Nani?” akauliza, ingawa jibu lilikuwa limeshamfika. Nyumbani kwao walibaki watu wawili, na mmoja alikuwa amesimama mbele yake.

“Mama. Tumeshamzika.”

“Na hukuniambia! Ewoi, hukuniambia!”

“Nilikuja,” akasema Ewoi. Hakupaza sauti. “Alikuwa anakuita. Kila akiamka anauliza kama umefika. Nikapanda lori nije nikuchukue.”

Akakusanya tumbaku yake iliyomwagika, akaacha sarafu pale pale, akaenda zake. Akidor alikaa chini sakafuni nyuma ya magunia ya unga, akalia kwa sauti bila kujali nani anasikia. Wateja walikuja, wakasimama, wakaondoka. Siku hiyo duka halikufungwa wala halikuuza.

Nekesa alipopata habari alikuja mbio. “Pole sana, Mama Ebenyo. Kakuma tunaweza kuahirisha.” Hakujua lolote juu ya tumbaku, na Akidor hakumwambia. Angemlaumu kwa lipi? Mgeni kutoka Webuye angejuaje? Aliyejua ni yeye. Akasema atakwenda, maana kukaa nyumbani kulikuwa kunamtafuna.

Huko Kakuma ukumbi ulikuwa umejaa wanawake wa kambi ya wakimbizi na wa mjini. Akidor, kichwa chake nacho kikiwa kimenyolewa, alisimama mbele yao akaeleza yote aliyofundishwa, moja moja, kwa sababu yote yalikuwa kweli na duka lake lilikuwa ushahidi. Kisha msichana mmoja wa Sudan Kusini, Ayak, aliyekuwa akijiandaa kuuza mandazi, akainua mkono.

“Mama, na kama ni ndugu yako mwenyewe anakuja, anataka bure?”

Nekesa alitabasamu pembeni. Jibu la swali hilo ndilo lililomleta Akidor Kakuma. Akidor akamgeukia Ayak.

“Samaki yangu iliisha juu ya ndugu,” akasema. “Hiyo ni kweli. Usipojikaza, watakumaliza. Lakini wewe, siku unafungua, toa mandazi kidogo weka kando. Hiyo si ya kuuza. Ndugu akikuja, mpe, alafu muulize nyumbani kuko aje. Usingoje aombe. Pengine hajakuja kuomba.”

“Na biashara haitaanguka?”

“Kwa mandazi mbili? Haiwezi.” Akagusa kichwa chake kilichonyolewa. “Mimi nilifikiria itaanguka. Ndugu yangu aliomba tumbaku ya kuweka tu kwa mdomo, nikamnyima, akarudi na maneno yake. Mama yangu alikuwa anakufa.”

Nekesa aliufunika mdomo wake kwa mkono, na tabasamu lote likamtoka.

Aliporudi Lodwar, Akidor alichukua kopo la maziwa ya unga, akalijaza tumbaku iliyo bora kuliko zote, akaliweka mbele kabisa pale mezani. Wateja walipouliza bei aliwaambia haiuzwi.

Ewoi alikuja siku ya soko. Alimsalimu vizuri, akamuuliza hali ya Ebenyo, kisha akatoa sarafu.

“Hiyo rudisha,” Akidor akasema, akilisogeza kopo mpaka likagusa vidole vya kaka yake. “Hii ni yako. Keti. Niombe, Ewoi. Niombe tu kama zamani.”

Ewoi aliliangalia lile kopo. Machozi yalimlengalenga, maana naye alikuwa amefiwa, na dada aliyebaki alikuwa huyo huyo mmoja.

“Nikuombe ya nini?” akasema kwa upole. “Habari niliyokuwa nayo ilikuwa ile tu.”

Akaziacha sarafu mezani, akachukua tumbaku ya kawaida, ile inayouzwa, akaondoka kuelekea stendi ya malori.