Mafuta ya Kondoo kwenye Dawa ya Yeyo

Mimi simwamini mtu kirahisi. Nauza vipuri vya pikipiki mjini, mtaa wa Sakina, na kazi ile ukiwa mwepesi wa kuamini utaishia kulia. Kwa hiyo mkebe wa pili wa dawa ya mama yangu ulipoanza kukwaruza vidoleni kama sukari, nilijua kuna mtu katuchezea.

Mkebe wa kwanza ulifanya kazi, sibishi. Yeyo, ndivyo tunavyomwita mama, alikuwa akijikokota na fimbo kutoka kitandani hadi mlangoni. Alipojipaka ile dawa magotini akarudi zizini kukamua ng'ombe wake mwenyewe, nami nikalia kwa furaha. Sasa amelala tena, na kila nikimuuliza anasingizia baridi ya mlima.

Wa kwanza kumshuku alikuwa Naeku, mke mdogo wa marehemu baba. Nyumba yake inatazamana na ya Yeyo pale kijijini Sambasha, na tangu nipate akili sijawaona wawili hao wakicheka pamoja. Nilimkuta uani, nikampa shikamoo ya nusu mdomo, nikamuuliza huwa anafuata nini kwa mama yangu, maana majirani wamemwona akiingia. Alivuta shuka akafunika magoti yake, akatazama pembeni, nami nikaona hapo kuna jambo.

Wa pili alikuwa Kartik, mtafiti aliyetengeneza dawa yenyewe na kumwandikisha Yeyo kuijaribu. Nikautia mkebe mfukoni, nikamfuata ofisini kwake Njiro.

"Ulitupa nzuri kwanza ili tukuamini, halafu ukatuletea takataka," nikamwambia.

"Dada, dawa ni ileile." Akachota kidogo, akaiweka chini ya hadubini, akanisogezea kiti. Niliona vipande viking'aa kama vioo vilivyovunjika. "Dawa hii kwa asili ni punje ngumu, ngozi haiipitishi vizuri. Sisi tunaisaga pamoja na kitu kingine mpaka vyote viwili vinapoteza punje, vinashikana. Hapo ndipo inapenya. Ukiongeza kitu kigeni vinaachana, na punje zinarudi." Akanusa mkebe. "Mmetia nini humu?"

Nikanusa na mimi. Mafuta ya kondoo, yale ya nyumbani Sambasha! Moyoni nilishamhukumu Naeku.

"Kama masharti hayafuatwi, itabidi nimwondoe mama kwenye utafiti," Kartik akasema. Hakuniamini hata kidogo, na hilo lilinichoma. Akachukua mkebe mpya, akasema anataka kwanza kumwona mgonjwa.

Tukaenda kwa gari lake. Njia nzima nilikuwa nikipanga matusi. Tulipofika nilisukuma mlango wa Yeyo nikaingia moja kwa moja.

Yeyo alikuwa ameketi kitandani. Mbele yake, kwenye kigoda, Naeku alikuwa amenyoosha miguu, magoti yamevimba kama viazi, na mama yangu alikuwa akiyakanda kwa mafuta ya kondoo.

"Kumbe ni wewe!" nikamfokea Naeku.

"Nyamaza, Sabina," Yeyo akasema. "Ni mimi. Nilikuwa namgawia nusu, halafu najazia mafuta usione imepungua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekubali?"

Akaendelea kuyakanda magoti ya Naeku.

"Wewe uko Sakina na vyuma vyako. Unadhani nani alikuwa akinishika mkono kwenda chooni? Magoti yake yameharibika kwa kuniinua mimi. Ningejipakaje peke yangu, yeye akinitazama?"

Kartik akakohoa. Akaeleza kwa upole kwamba mkebe ni wa mtu mmoja, haugawanywi wala hauongezwi kitu, na aliyeandikishwa ni Yeyo tu.

"Basi nifute mimi, mwandike yeye," Yeyo akasema. "Mimi nilishakamua tena ng'ombe wangu."

Kartik akamnyooshea mkebe mpya; Yeyo akaupokea kwa mikono miwili, akamwekea Naeku mapajani. Naeku akaurudisha. Yeyo akausukuma tena. Nami nilikuwa nimesimama palepale na matusi yangu yote, aibu imenijaa. Hata hodi sikuwa nimepiga.