Waosha Masufuria wa Kichwani

Abdulnasiri alidondoka kutoka juu ya lori la zabibu kule Makutupora, kichwa kikatangulia. Enzi hizi za ruksa, kila mtu mfanyabiashara, malori yanashindiliwa mpaka turubai linapasuka, na mwenye mali hupanda juu ya mali yake. Tangu hapo yuko wodini, hafumbui macho, na sisi majirani tumelijaza benchi la nje utadhani tumekuja harusini.

Mkewe, Stara, halii. Tumemsema sana kwa hilo. Ukimpa chai, anashika kikombe mpaka kinapoa.

Asubuhi moja Daktari Ludovick akamweleza yeye na mkwewe, Bi Mwamvua: "Ubongo umeumia, lakini sasa unajisafisha. Kila chembe hai ya ubongo inakula takataka zake yenyewe, vile vilivyovunjika ndani yake. Ila ikizidisha, hula na kizima. Tumwacheni atulie."

Bi Mwamvua alisikia neno moja tu: inakula.

"Mwanangu wanamla!"

Kabla ya adhuhuri mtaa mzima unayo habari, na kila mdomo una mchawi wake. Hata mimi nilimtaja mmoja. Gari likapatikana, mgonjwa apelekwe Kondoa kwa mganga.

Stara akasimama mlangoni pa wodi.

"Nipishe, we mwanamke usiye na machozi!"

"Mama, siku ya pili ya shughuli ukiwakuta wenzio uani wanakwangua ukoko na kumalizia kiporo, unawafukuza?"

"Niwafukuze, masufuria aoshe nani?"

"Basi ndio hao wamo kichwani mwake. Tukimrusharusha njia nzima ya Kondoa, tunawapindulia beseni."

Alisema bila kupandisha sauti, kama anayeagiza chumvi. Bi Mwamvua akakaa chini. Baadaye akauliza, "Na wakitupa na vijiko?"

"Vitakuwa vimeenda, mama."

Gari likarudi tupu.

Ijumaa Abdulnasiri akafumbua macho. "Mama," akasema. Bi Mwamvua akapiga kigelegele, nasi tukaitikia mpaka nesi akatufokea. Stara alikuwa anamnyooshea shuka miguuni. Abdulnasiri akamtazama.

"Ahsante, dada," akamwambia kwa adabu. "Mke wangu hajaja?"

Vigelegele vikakatika. Kila mtu akamtazama Stara.

"Kaja," Stara akajibu, akichomekea shuka. "Yuko nje, anaosha vyombo."