Mwano kwa Ajili ya Machibya

Nilifikia kwa Eufrasia, mjane wa rafiki yangu, katika kijiji kimoja cha Nkoma, nipumzishe miguu kabla ya kwenda Nassa kwenye dagaa. Nikakuta kijiji kizima kinapika. Wageni kutoka wilayani walikuwa wanakuja kufundisha habari za watu kujiua. Vizuri, nikasema moyoni, maana mwaka jana hapo hapo walimzika mtu wa namna hiyo upesi upesi, bila matanga, kama wanafukia mzoga.

Zikagawiwa fulana nyeupe, kifuani zimeandikwa MJALI JIRANI YAKO. Limbu, kamanda wa sungusungu, akavaa yake juu ya shati. Ikambana tumbo.

Jirani wa Eufrasia ni Machibya. Yeye hakualikwa, kwa sababu alikuwa ametengwa. Ng'ombe wa Mayige walipoibwa, mwano ulipigwa, na ule ukelele ukipigwa kila mwanaume anatakiwa atoke na fimbo akimbilie unakotoka. Machibya alikuwa amelala na pombe yake. Basi ikaamriwa asisalimiwe, asipewe moto, mahindi yake yasisagwe mashineni. Mkewe alivumilia, akachoka, akabeba watoto akarudi kwao Mwamapalala.

Mimi mpita njia, amri ile hainihusu. Asubuhi ile nilipita kwake nikamsalimu, "Mwangaluka." Alinitazama kama nimemrushia jiwe. Akajibu kwa sauti iliyokauka, akaingia ndani, akatoka na redio.

"Guku," akasema, akiniita babu kwa Kisukuma, "chukua hii. Utasikiliza habari huko njiani."

"Na wewe?"

"Mimi sitaihitaji. Na yule mbuzi wangu nampa Eufrasia. Mwambie."

"Kwani unakwenda wapi?"

Akageuka, akarudi ndani. Uwanja wake ulikuwa umefagiwa, hata jani moja hakuna.

Nikaenda mkutanoni, redio kwapani. Violeth, nesi kijana, alikuwa amesimama mbele. "Mkiona mtu anagawa vitu vyake, anaaga aaga, msimwache peke yake," akasema. "Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani."

"Ndiyooo," wakaitikia, huku macho yao yakiwa kwenye masufuria.

Nikasimama. "Redio hii ni ya Machibya. Kanipa leo. Mbuzi kampa Eufrasia."

"Machibya ni nani?" Violeth akauliza.

"Si mtu, dada," Limbu akasema. "Endelea tu."

Alisema hivyo na maandishi yake kifuani.

"Mzee," akanigeukia, "hapa tunajifunza. Ya Machibya yana kikao chake. Wazee watakaa Jumamosi."

"Jumamosi mtakaa makaburini."

"Sheria ni sheria. Tukimsalimu leo, kesho ng'ombe wakiibwa nani atatoka?"

"Tena wangu walipatikana wote," Mayige akasema, mdomo umejaa wali. Watu wakacheka.

Nimelala kwenye mazizi, nimekula na wezi, lakini kicheko kama kile sijawahi kukisikia. Nikatoka nje, nikajaza kifua, nikapiga mwano.

Wakatoka wote, na fulana zao na fimbo zao. Wangefanyaje? Asiyekimbia anatengwa. Limbu mwenyewe alikimbia, ameshika tumbo. Nikawaongoza moja kwa moja hadi uwanjani kwa Machibya. Alikuwa mlangoni, amekaa kwenye kigoda, amevaa shati safi.

"Kaibiwa nani?" Limbu akauliza, anahema.

"Machibya. Anaibiwa mbele yenu. Haya, mrudisheni kama mnavyorudisha ng'ombe."

Walitazamana, kila mmoja anangoja mwingine. Eufrasia akafika wa mwisho, mwiko bado mkononi, akawapita wote.

"Mwadila, Machibya," akamsalimu.

Violeth akachuchumaa karibu yake. "Kaka, unafikiria kujiua?"

"Ndiyo," Machibya akasema. Akainamisha uso, akalia.

Eufrasia akaingia ndani, akatoka na dawa ya pamba, ile sumu ya kuulia wadudu. "Hii itakaa kwangu." Violeth akapiga simu kwa mke, kisha akamwambia Machibya watakwenda wote kituo cha afya, na hataachwa peke yake. Mayige akameza tonge lake, akasalimu. Wengine wakafuata mmoja mmoja, kwa aibu, kama watoto waliofumwa.

Limbu hakusalimu. "Umepiga mwano wa uongo," akaniambia. "Na wewe utatengwa."

"Nitenge. Nimefukuzwa na vijiji vizuri kuliko hiki."

Siku ya kuondoka kwangu Machibya alikuja hadi uani kwa Eufrasia. Mkewe alikuwa nyuma yake, na mtoto mgongoni.

"Guku," akasema, akitazama chini. "Ile redio. Jioni kuna mpira."

Nikampa. Kule njia panda nikapishana na Limbu, bado amevaa fulana ile. Hakunisalimu. Nikatema mate, nikaenda zangu.