Mikono Nyuma

Sheria ya kwanza ya ile nyumba ilikuwa mke aweke mikono nyuma. Ndiyo, nyuma, kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. Mimi, fundi cherehani, ambaye mikono hii ndiyo inayonilisha, naambiwa nikae Jumamosi na Jumapili na mume wangu mgonjwa na nisimguse, isipokuwa kama anaanguka.

Aliyenipa amri hiyo ni dada wa mazoezi, msichana mrefu wa viatu vya raba ambaye wagonjwa wote wanamwita Kamanda. Alinipokea getini nikiwa ndiyo kwanza nimeshuka garini, vumbi mpaka kwenye kope, maana kituo chenyewe cha mazoezi wamekijenga shamba huko, ukipita mahindi unakutana na mahindi mengine. Hata pole ya safari hakunipa. Alinipeleka moja kwa moja nyuma ya wodi, kwenye kijumba cha chumba, sebule na jiko. Wanakiita nyumba ya majaribio. Mgonjwa akikaribia kuruhusiwa, wanamweka humo na mtu wake wa nyumbani, wakae kama wanavyokaa kwao, na Kamanda anapitapita kuchungulia. Jumapili mchana daktari anaamua. Mkifaulu, unaondoka na mtu wako. Mkifeli, unarudi ulivyokuja.

Mimi nilikwenda kumchukua mume wangu. Nalisema hilo mapema ili tusije tukazungushana.

Nyumbani nilishaandaa kila kitu. Meza ya kukatia vitambaa niliisogeza ukutani, nikaweka kiti chenye mto karibu na cherehani, ili hata nikiwa kazini awe mbele ya macho yangu. Wateja niliwatangazia kwamba narudi naye. Nilimshonea mashati mapya ya kuvalia kichwani, hayana kifungo hata kimoja, asije akahangaika na vifungo kwa mkono mmoja.

Mume wangu mtaa mzima unamwita Refa. Kazi yake ilikuwa kutunza stoo ya vifaa vya ujenzi, lakini jina alilipata uwanjani, akichezesha mechi za mtaani. Mwanamume mpole, nyumbani hana neno, ila akishika filimbi watu wazima ishirini na wawili wanasimama. Kiharusi kilimkuta huko huko stoo. Kikaondoka na mkono wa kulia, kikamwachia mguu wa kuburuta, na maneno yake sasa yanatoka kama maji ya bomba bovu, tone, kimya, tone. Kabla hajapelekwa kituoni nilikaa naye nyumbani mwenyewe. Nilimlisha, nilimwogesha, nilimgeuza. Na sikulalamika hata siku moja, waulizeni majirani, niliwaambia kila asubuhi.

Basi tukamkuta amekaa sebuleni, amechanwa nywele vizuri. Aliponiona macho yalimjaa, na mimi yangu hivyo hivyo. Nikamkumbatia. Hilo Kamanda aliliruhusu.

"Filimbi umeileta, mama?" akaniuliza.

Nilikuwa nimeileta. Kamanda alinipigia simu wiki ile akaniomba, eti Refa awe anaipuliza kila siku, midomo ipate nguvu. Refa alipoiona alicheka upande mmoja wa uso, akajivisha kamba shingoni kwa mkono wa kushoto, akapuliza. Pumzi na mate. Nikamfuta kidevu.

"Mikono, mama."

Haya, nikairudisha nyuma.

"Na mdomo pia," akaongeza. "Akianza neno, mwache alimalize mwenyewe. Hata akichelewa."

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi na huyu bwana tulianza kuishi pamoja wewe hujazaliwa. Akifungua tu mdomo najua anakwenda wapi."

"Ndicho ninachokiogopa," akasema, akaenda zake. Nilimchukia papo hapo, sifichi.

Hakujapita muda Refa akanyanyuka kwenda kupika chai. Jamani, mngeiona! Mguu mmoja unakwenda, mwingine unafuata ukitaka. Birika kalishika kwa mkono wa kushoto linamtetemeka, maji mengi mezani kuliko kikombeni. Mimi nimesimama mlangoni, mikono nyuma, vidole vinakamatana vyenyewe. Akatafuta kiberiti, akakibana kwa kiwiko kibovu, akakwaruza njiti ya kwanza, ikavunjika. Ya pili ikavunjika. Nilijua kama ni hivyo tutainywa jioni.

"Kaa, baba, kaa," nikasema, nikamnyang'anya kiberiti. Kwani nani ananiona? Dakika mbili chai ikawa mezani na meza imepanguswa.

Akakaa. Akaniangalia. "Fundi," akasema. Ndivyo anavyoniita tangu tuchumbiane. "Fundi... na... na..."

"Usinishukuru bwana, ni kazi yangu."

Akatikisa kichwa. "Nata... nataka..."

"Maji!" Nikamletea glasi ya maji. Akaitazama ile glasi, akanitazama mimi, akanywa.

Saa ya chakula ikawa vile vile. "Nataka..." anasema, macho yamemtoka kwa jitihada, mshipa umesimama shingoni, na mimi siwezi kuangalia mtu ninayempenda anateseka hivyo. Nampa maji. Anakunywa. Siku ile alikunywa maji mpaka nikawasema wale watu moyoni: kumbe mgonjwa wangu mnamshindisha na kiu!

Jioni nikatoka kuanua nguo zake kambani. Narudi, napita dirishani, nikamwona.

Alikuwa peke yake chumbani, amesimama mbele ya kioo. Amevaa shati la kituo, shati la vifungo, mikono mirefu mpaka inamfunika vidole; yangu yote yamekunjwa vile vile kitandani. Na alikuwa anafunga vifungo. Kwa mkono mmoja. Ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Kifungo kinaponyoka, anakitafuta, kinaponyoka tena, anacheka peke yake, anakitafuta. Alipofika cha juu kabisa alijitazama kiooni akajipigia saluti.

Niliingia mbio. "Kumbe unaweza! Ala! Mume wangu, kumbe unaweza!" Nilifurahi kweli, Mungu shahidi. Nikamnyoosha kola, ilikuwa imelala vibaya. Nikamkunja mikono ya shati, huwezi kumwona mtu na mikono ya vile ukiwa fundi ukanyamaza. Kifungo kimoja kilikuwa kimelegea uzi, nikakifungua nikitazame.

Mkono wake wa kushoto ukashuka. Akasimama mpaka nikamaliza, kama wanavyosimama wateja ninapowapima. Nikafungua vifungo vyote, nikamvalisha shati langu la kichwani. Lilimkaa sawasawa.

Jumapili, tumekwisha kula cha mchana, nani anaingia getini? Wifi yangu! Dada yake Refa mwenyewe. Huyu ni mwanamke ambaye ukifika kwake saa sita mchana unamkuta bado anatafuta ndala za kuamkia. Chai yake utainywa umeshaaga. Mimi na yeye hatugombani, tunapishana tu. Nikasema moyoni, makubwa, leo wifi kaamka! Nikadhani amekuja kunisaidia mabegi.

"Wifi, umependeza kwa kuwahi," nikamtania.

"Sijawahi wifi, nimelala huku huku njiani kwa rafiki yangu, ningechelewa," akasema, akacheka. Refa naye akacheka. Sikuona cha kuchekesha.

Tukaingia ofisini kwa daktari sote. Daktari ni mzee wa makamo mwenye miwani kichwani anayeitafuta mezani. Kamanda ndiye aliyeanza. Akasema Refa akiwa na wauguzi anavaa mwenyewe, anachemsha chai, anatembea mpaka getini na kurudi. Jana, mama alipokuwepo, hakukamilisha hata kimoja.

"Sasa si ndiyo maana ya kuwa na mke?" nikasema. "Au mnataka nikae nimtazame anavyoungua?"

Daktari akanyanyua mkono. "Tumuulize mwenyewe. Refa, ukitoka hapa unataka kwenda wapi?"

Refa akavuta pumzi. "Na... nata..."

"Anataka nyumbani," nikasema.

"Nataka... ku..."

"Kurudi nyumbani kwake, daktari. Kwani hilo nalo ni swali?"

Filimbi ikalia.

Haikuwa ile ya pumzi na mate. Ilikuwa filimbi yenyewe, kali, ya kusimamisha mchezo. Daktari aliruka kitini, miwani ikamdondoka. Muuguzi akafungua mlango kuona kuna nini. Na Refa, mume wangu mpole asiye na neno, alikuwa ameninyooshea kidole cha mkono wa kushoto, mimi, mkewe, kama beki aliyemkwatua mtu.

Akaitema filimbi, ikaning'inia kifuani. Akachukua muda wake wote, na safari hii hakuna aliyemsaidia.

"Kwa... dada... yangu."

Nikamgeukia wifi. Alikuwa anatazama kucha zake.

"Alinipigia simu, wifi," akasema. "Mwenyewe. Nilikaa kwenye simu mpaka mboga ikaungua."

"Na hukumkatisha?"

"Nimkatishe kwa nini? Si alikuwa anaongea?"

Hapo ndipo nilipowaka. Asante ya punda ni mateke, nikamwambia. Nikayasema yote. Kwamba nimemwosha, nimemgeuza, nimebadilisha shuka alfajiri, na wapi alikuwa huyo dada? Alikuja mara moja, akala, akalala kwenye kochi langu! Niliyasema hata yasiyosemeka mbele ya mashemeji na mawifi. Sauti ilinitoka mpaka wagonjwa nje wakaacha mazoezi. Refa alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunikatisha.

Nilipoishiwa, akasema, "Kwa dada... nita... kufa njaa."

Wifi akaangua kicheko.

"Au... nita... pona."

"Na kwangu?" nikauliza. Sikutaka kulia mbele ya Kamanda, lakini nililia. "Kwangu utafanya nini?"

Alifikiri. Mshipa ukamsimama shingoni, na nikauacha usimame.

"Kwako," akasema, "nitakunywa... maji."

Daktari akadhani anaomba maji, akanyoosha mkono kwenye jagi. Mimi peke yangu chumbani mle ndiye niliyeelewa, na iliniuma kuliko filimbi.

Daktari alimruhusu Refa, naye na dada yake wakafungasha haraka, kwa kuwa cha kufungasha kilikuwa kidogo. Mashati yangu sita yalibaki kitandani. Alivaa lile la kituo. Kamanda alimpa, akasema ni zawadi. Teksi ikaja mlangoni, wifi akaingia mbele, akavua viatu. Refa akasimama nje ya mlango wa nyuma akifunga vifungo, kimoja, kingine, sote tukimsubiri. Mikono yangu ilikuwa nyuma. Msidhani nilikuwa nimejifunza kitu. Niliiweka nyuma kwa sababu sikujua nikiitoa itamkumbatia au itamzaba kofi.

Alipomaliza, niliona kifungo cha tatu kimeingia kwenye tundu la nne. Shati zima limepanda upande. Wifi aligeuka akamtazama juu mpaka chini, akasema, "Umependeza kaka yangu, ingia twende."

Akaingia. Akanyanyua mguu mbovu kwa mkono mzima, akaufuatisha ndani, akafunga mlango mwenyewe. Halafu akashusha kioo.

"Fundi," akasema.

Nikasogea.

"Nita..."

Nilisubiri. Naapa nilisubiri. Nilijiuma ulimi kwa meno, kweli, mpaka nikaonja chumvi ya damu. Maneno kumi yalinijia mdomoni na sikumpa hata moja.

"Nita... nita..."

Na dereva wa teksi, ambaye hakuna aliyemwambia sheria yoyote, akaondoa gari.

Kiti chenye mto bado kiko karibu na cherehani. Wateja wakiuliza nawaambia yuko kwa dada yake anaendelea vizuri, na habari ninazopata ni kwamba anaendelea vizuri kweli. Juzi wifi alilala mpaka mchana, akaamka akakuta ameandaliwa chai. Nimeimalizia ile sentensi kwa kila namna, mguu ukiwa kwenye pedali. Nitarudi. Nitakupigia. Nitakusamehe. Zote zinakaa sawa, na hakuna hata moja iliyotoka mdomoni mwake. Simu anayo na namba yangu anaijua kwa kichwa. Nami sipigi. Nasubiri amalizie mwenyewe.