Mishale Iliyochelewa

Mpwa wake aliingia hata bila hodi, akaketi ukingoni mwa kitanda na kumpa karatasi iliyokunjwa mara nne. Bi Mishale alivaa miwani akaisoma akiwa amesimama. Ilikuwa ripoti ya mkufunzi wa chuo cha urubani. Ilisema msichana huyo ameshindwa kutua mara tatu mfululizo, na mara ya tatu mkufunzi amelazimika kumpokonya usukani. Chini kabisa, kwa mwandiko wa haraka, paliandikwa: "Mikono imeharibiwa na michezo ya kompyuta. Aache michezo ya nyumbani, au aache urubani."

Aliirudia sentensi ile ya mwisho, damu ikamchemka. Michezo. Yeye wa kuambiwa nyumbani kwake panachezwa.

Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa fundi wa saa za ndege, zile zinazomwonyesha rubani kimo na mwendo. Alizifungua, akazisafisha, akazipima, na mshale uliosita hata kidogo hakuupitisha. Marubani walimnung'unikia kwa kuwachelewesha, wakampachika jina hilo la Bi Mishale, naye akawajibu kwamba mshale mwongo ni mbaya kuliko uliokufa, maana uliokufa haumdanganyi mtu. Alipostaafu alikigeuza chumba cha nyuma kuwa chumba cha rubani: kiti cha ndege iliyokatwakatwa kuwa vyuma chakavu, usukani, skrini tatu, na kompyuta aliyofungiwa na mkwewe, mume wa binti yake. Hapo ndipo mpwa wake alipokuwa akija kila alasiri kurudia masomo ya asubuhi. Na hayo ndiyo mkufunzi aliyaita michezo.

Alikuwa ameshachukua mtandio wake aende chuoni akampe mtu vidonge vyake, lakini kwanza akataka kujua kilichotokea. Msichana alieleza huku akitazama sakafu. Karibu na ardhi alivuta usukani kunyanyua pua ya ndege, ndege ikaruka juu kama panzi aliyekanyagwa. Akasukuma, ikazama. Akavuta tena, wakaanguka kwa magurudumu hadi meno yakagongana.

"Nilivuta kama ninavyovuta hapa kwako, Mama mkubwa," alisema. "Hapa navuta, nasubiri, halafu naongeza. Kule haikunisubiri."

Bi Mishale aliuweka mtandio chini.

Miezi miwili nyuma mkwewe, fundi wa kompyuta mwenye mkono mwepesi na maneno matamu, alikuwa amemwomba ruhusa aipambe mashine kidogo. Alipomaliza alimketisha mama mkwe kitini, na Bi Mishale akashika mdomo. Chumba cha rubani kwenye skrini kilikuwa na mishono ya viti, vumbi lililoonekana jua likipiga, na vioo vilivyorudisha kivuli cha mtu. Pale chini ya kitasa cha mlango rangi ilikuwa imebanduka, vilevile kama ilivyobanduka kwenye ndege alizozifanyia kazi. Alitokwa na machozi. Akamsifu mkwe mbele ya ukoo mzima, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji: wiki iliyofuata kijana akarudi kuongeza mawingu, kisha miti yenye majani ya kuhesabika, kisha mji wenye madirisha yanayowaka taa.

Sasa aliketi kitini, akamwambia mpwa wake asimame nyuma na simu, apige video mkono na skrini kwa pamoja. Juu angani mambo yalikuwa shwari. Aliposhuka kuelekea kiwanjani, pale nyumba na miti zilipojazana, picha zilianza kudundadunda. Waliitazama video polepole. Mkono ulivuta, nje hapakutikisika kitu. Mshale wa kimo ulikaa umelala, halafu ukaruka hatua tatu kwa mpigo. Namba ndogo pembeni mwa skrini ilisema kompyuta inachora picha kumi na nne tu kwa sekunde.

Alifungua mipangilio, akapekua ukurasa baada ya ukurasa mpaka akafika panapochaguliwa saa za ndege zichorwe upya mara ngapi. Palikuwa pameshushwa hadi mwisho. Hapajishushi penyewe pale. Mtu alikuwa amepashusha kwa kidole chake.

Kumfokea mkwe si jambo la kufanywa na mtu mwenye heshima zake, naye alijua. Kwa hiyo kijana alipoitwa akaja, alikaribishwa vizuri, akapewa chai, akaulizwa hali ya mkewe. Alipokiweka chini kikombe, mama mkwe akamwomba akae kitini atue. Alitua kwenye paa la nyumba. Mara ya pili akatua mtini. Mara ya tatu aligonga ardhi kwa pua, akacheka kidogo peke yake, akasema labda usukani una kasoro.

Bi Mishale akamwonyesha video, kisha ule ukurasa wa mipangilio. Kijana alijikuna shingo.

"Mama, kompyuta ina nguvu yake, haizidi hapo," alisema. "Ukitaka uzuri huku, lazima upunguze kule. Mimi nilipunguza mahali ambapo watu hawatazami."

"Mahali ambapo watu hawatazami." Aliyatamka moja moja, kwa sauti ya chini iliyomfanya mpwa wake asogee karibu na mlango. "Mkwe wangu, mke wako amekua na amesomeshwa kwa kazi ya mahali hapo. Rubani akiwa ndani ya wingu hana kingine cha kutazama. Wewe umenichorea vumbi la kweli na saa za uongo, ukamweka mtoto wangu mbele yake."

Bila ukali, kijana akasema, "Lakini Mama ulifurahi. Ulilia kabisa. Hukuniuliza nafasi nimeitoa wapi."

Ilikuwa kweli. Yeye aliyezirudisha saa za watu kwa kuchelewa kiduchu, miezi miwili alikuwa amekaa nyuma ya kiti akitazama rangi iliyobanduka, wala hakuutazama mshale. Hasira haikupungua kwa kulijua hilo. Iligawanyika tu, na fungu lake likawa chungu zaidi.

Wakaanza kupunguza. Mawingu yakaenda, miti ikaenda, mji ukabaki vibanda vya kijivu. Mkwe akashauri wakifute kabisa chumba cha rubani, wabakize mandhari ya nje na namba pembeni, kompyuta ingepumua. Bi Mishale akakataa katakata, kwa sababu jicho la mwanafunzi lazima lijue njia: kioo, mwendo, kimo, kioo tena. Mwishowe chumba kikabaki kitupu kama ubao wa shule, ila saa zake zikifuata mkono papo hapo. Kompyuta wakaifunga kwenye picha thelathini kwa sekunde, isipande wala kushuka. Ilipofika zamu ya kuondoa mikwaruzo na rangi ile ya kitasani, mkwe alimtazama, na yeye mwenyewe ndiye aliyebonyeza.

Kesho yake alikwenda chuoni na video. Mkufunzi alimpokea kama anavyopokewa mzazi mlalamishi, akiangalia saa. Bi Mishale alimuuliza kama aliwahi kuiona mashine aliyoiandikia hukumu. Hakuwahi. Aliuliza kama alimuuliza mwanafunzi kwa nini anavuta mara mbili. Hakumuuliza. Alipoitazama video mkufunzi alikaa sawa, akairudia, akakiri kwamba aliilaumu mikono bila kutafuta mikono imejifunzia nini. Kisha naye akamrudishia: nani alikuwa akisimamia mazoezi hayo? Bi Mishale akasema ni yeye.

Walikubaliana wiki tatu za mazoezi, na mtihani mwingine. Zile wiki tatu hakuondoka nyuma ya kiti. Siku yenyewe msichana alidunda mara moja, akatulia, akatua mara mbili laini kabisa. Mkufunzi akaandika kwamba amefaulu.

Mpwa wake alitoka mbio kumkumbatia, akamkuta kwenye benchi la ofisi ya usajili ana bahasha mkononi. Ndani mlikuwa na barua aliyoiandika mwenyewe, ya ukurasa mmoja, inayoeleza kosa lilikuwa la mashine na la msimamizi wake, si la mikono ya mwanafunzi, na kuomba sentensi ile ifutwe. Karani alikuwa ameshamwambia kwamba ripoti iliyosainiwa haifutwi.

"Nimeshapita, Mama mkubwa," msichana alisema kwa aibu. "Tuache tu, twende."

"Wewe umepita. Lile neno bado limekaa mle ndani na jina lako juu yake."

Karani akatoka kwenda kula. Bi Mishale hakuinuka. Karani aliporudi alimkuta palepale, akavuta pumzi, akaipokea barua, akaigonga muhuri na kuitia kwenye jalada la msichana, juu ya ile ripoti. Bi Mishale akamwomba amfungulie tena jalada, aone kwa macho yake kwamba imo.