Mgomba Si Mwanangu

Jumamosi, tarehe ishirini na tatu Novemba. Asubuhi hii ya Maragoli ni ya manyunyu na ukungu, na udongo wa shimo linalochimbwa nyuma ya nyumba unanata kwenye majembe. Shimo ni la Enosi, lakini Enosi hayupo. Miaka minne imepita tangu aende Thailand kutafuta kazi. Alipiga simu mara moja kutoka mji ulio kando ya mto, akicheka, akisema mama, huku ni msimu wa baridi, wenyeji wamevaa sweta na mimi natoka jasho. Kisha simu ikanyamaza hadi leo. Kwa hiyo ukoo umeamua kumzika kwa desturi ya asiyeonekana: mgomba unakatwa, unaviringishwa shuka, unalazwa kaburini, na mama ndiye wa kwanza kutupa udongo. Bila mkono wa Jerida, mama yake, hakuna mazishi. Shemeji yake Zakayo amemwambia tangu alfajiri kwamba boma limechoka kungoja, kwamba watoto wanakohoa kwa sababu ya roho isiyolazwa. Jerida amemjibu kwamba wanakohoa kwa sababu paa la Zakayo linavuja. Kisha ameingia chumbani, amepiga magoti, ameomba mpaka maneno yamemwishia, na kichwa kikiwa bado kimeegemea kitanda, usingizi unamchukua.

Anainuka, na chini ya magoti yake si sakafu tena, ni ngazi za mawe, na ngazi zinashuka mtoni, na mto ni mpana wa rangi ya chai ya maziwa, na hewa ni ya baridi kavu, na ng'ambo umesimama mji wa mapaa ya dhahabu yaliyochongoka, na mji huohuo uko tena ndani ya maji, umepinduka. Anaifuata barabara ya ukingoni. Barabara inampita mwanamke anayeuza uji wa mchele, inakata kona, inampita mwanamke yuleyule, mvuke wa sufuria uleule, na Jerida anamsalimu tena kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Watu wote wamevaa kofia pana za ukindu, na chini ya kofia hakuna uso, pana ulaini tu kama wa yai lililomenywa. Kila mmoja amebeba chombo kidogo cha kuelea: kipande cha mgomba kilichokatwa duara, kimezungushiwa majani yaliyokunjwa, katikati maua ya manjano na mshumaa unaowaka mchana. Mmoja anamjia na kumpa cha kwake, anamwelekeza akate ncha ya ukucha, aiweke humo pamoja na jina la yule anayemlemea, akiachie kwa mkono wake mwenyewe, mto utambebea. Jerida anauliza mwanangu yuko wapi. Asiye na uso anasema, ni nani aendaye kila siku na bado yupo? Mama, anajibu Jerida. Hapana, ni mto. Basi kwenu ni mto, anasema Jerida, kwetu ni mama. Asiye na uso anacheka bila mdomo, anasema wengi walikuja na vichwa vigumu kama chako, dada yangu, na sasa wanalala vizuri. Mimi sikuja kulala, anasema Jerida. Anainama atazame maji, na huko chini, katika mji uliopinduka, watu wana nyuso. Wameketi kwenye ngazi zilizolowa wakiangalia juu, wakingoja, na kila chombo kinapogusa maji uso mmoja huko chini unafutika. Kwenye ngazi ya mwisho ameketi Enosi. Amevaa sweta ya buluu, kola ameivuta hadi masikioni, mikono ameibana kwapani, anatetemeka. Jerida anatazama kutetemeka kule kama mtu anayesoma barua. Maiti hasikii baridi. Mikono ya wasio na nyuso inamshika kiganja, inakisukuma kuelekea majini, kwa upole, kama watu wanaosaidia, na yeye anasema Bwana, ushike mkono huu wewe, kisha anaubana utambi wa mshumaa kwa vidole vitupu mpaka unazimika, anayachana majani, anakitupa kile kipande cha mgomba juu, kwenye mawe makavu. Barabara zinajikunja kama mkeka. Enosi anafungua kinywa, na kabla sauti yake haijafika, sauti ya Zakayo inaita mlangoni, Mama Enosi, tunakungoja wewe tu.

Anatoka. Ukungu umeshuka uani, watu wamesimama chini ya miamvuli na Jerida hazioni nyuso zao, na kando ya shimo kuna mgomba uliovikwa shuka. Hajui kama ameuacha mji ule au barabara yake imekata kona nyingine tu. Hangoji kujua. Zakayo anamtia udongo kiganjani. Jerida anafungua vidole, udongo unaanguka, kwaya inakatisha wimbo, na mchungaji anafunga kitabu chake.

Mimi Jerida Kasaya naahidi mbele za Mungu na mbele yenu nyote, anasema. Shimo hili nitalifukia kwa mikono yangu, likiwa tupu. Jumatatu nitapanda basi la Nairobi, nitaketi mlangoni pa ofisi ya nchi ile aliyokwenda mwanangu mpaka nisikilizwe. Wakinifukuza, nitarudi kesho yake. Na nikifa kabla hajaonekana, nizikeni mimi. Yeye msimzike.